Kamati ya Ada Yangu

Mwaka niliomaliza kidato cha sita nilikuwa na mpango wa fedha. Nalisema hili mapema kwa sababu ndugu zangu wanapenda kusimulia kwamba niliokolewa na kamati, na mimi nataka ijulikane kwamba kabla ya kamati palikuwa na daftari.

Daftari lilitokana na redio. Asubuhi moja mtaalamu wa uchumi alikuwa anawashauri vijana wanaojiandaa kwenda chuo, kwa sauti tulivu ya mtu aliyekwisha kunywa chai. Andika mahitaji, alisema, andika na matamanio, kisha tenganisha. Nikachora mstari katikati ya ukurasa. Upande wa mahitaji nikaweka ada iliyobaki baada ya mkopo wa serikali, bima ya afya, nauli ya basi hadi Dodoma, godoro, ndoo, sabuni, na fedha ya kula wiki tatu za mwanzo. Upande wa matamanio niliandika pasi ya umeme, nikaifuta, nikairudisha. Jumla ya mahitaji ilikuwa laki tisa na elfu arobaini. Nilikuwa nakwenda kusoma mipango, kwa hiyo niliipigia mstari mara mbili na kujisikia nimeanza mwaka wa kwanza.

Kitu ambacho mtaalamu hakukigusa ni fedha yenyewe inatoka wapi. Kwetu ilikuwa inatoka Kigongo. Mama alikaanga sato na kuchemsha mayai kwenye kivuko cha kwenda Busisi kwa miaka mingi, tangu mimi sijaanza shule. Magari yalipanga foleni, abiria wakashuka kunyoosha miguu, njaa ikawakuta huko nje, na mama akawa yupo hapo na karai lake. Biashara nzima ilitegemea watu kucheleweshwa. Kisha daraja likafunguliwa. Tulikwenda kulitazama kama kila mtu, nikapiga picha nyingi, na mama alisimama kando ya barabara akiangalia mabasi yanavyopita bila hata kupunguza mwendo.

"Limependeza," alisema.

Wiki ile aliuza mayai tisa. Baada ya mwezi akahamishia karai lake sokoni Mkuyuni, ambako wakaanga samaki walikuwa wengi kuliko walaji.

Kwa hiyo majibu ya chuo na ya mkopo yalipotoka, mama alikuwa na laki mbili na nusu, na mimi nilikuwa na daftari. Pengo lilikuwa laki sita na tisini. Chuo kilitoa tarehe: usajili ungefungwa Jumatatu fulani, na asiyelipa ada ya muhula wa kwanza kufikia siku hiyo nafasi yake inakwenda kwa mwingine. Nilimsomea mama hesabu yote, pamoja na pasi. Alisikiliza hadi mwisho, akafunga khanga upya kiunoni.

"Twende kwa baba yako mdogo," akasema.

Baba alifariki nikiwa darasa la tano, na tangu hapo mdogo wake ndiye mwenye sauti katika ukoo. Kwa ajira ni karani kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Kwa kipaji ni mwenyekiti. Ameongoza kamati za harusi, kipaimara, ubarikio, msiba na kurudisha mahari, na ana mhuri wake mwenyewe aliouchongesha bila kuombwa na mtu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hongera sana. Ukoo umepata msomi."

Nilimpa daftari. Alilisoma akiwa amelishika mbali na macho, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Laki saba ni fedha ndogo sana," alisema. "Shida ni namna ya kuziomba. Mwambie mtu achangie ada, atakuambia hali ngumu. Mpe kadi ya sherehe, atakuuliza sare ni rangi gani."

Nikiri kwamba alikuwa anasema kweli. Hata mama aliguna kwa kukubali.

"Kwa hiyo tunamfanyia binti sherehe ya kumuaga. Tunakusanya milioni tatu na nusu, tunatumia milioni mbili na nusu, milioni moja inabaki. Hiyo ndiyo ada. Na chenji ya pasi."

Mimi nilisoma uchumi miaka miwili na kufaulu vizuri. Niliipitia hesabu ile kichwani tukirudi nyumbani Butimba, nikaipitia tena nikiosha vyombo, na sikuona kosa. Kosa halikuwa kwenye hesabu.

Kamati ilizaliwa Jumapili iliyofuata ikiwa na wajumbe kumi na wanne. Shangazi akawa mweka hazina, kwa sababu ana mwandiko mzuri na hajawahi kumdhulumu mtu hata shilingi. Kila kikao kilikuwa na soda na maandazi, na kila soda iliandikwa kwenye gharama za uendeshaji. Nilihudhuria kama mnufaika, yaani mtu anayekaa karibu na mlango na kutumwa barafu.

Katika kikao cha kwanza ada ilikuwa kipengele namba moja, na baba mdogo aliisoma akiwa amesimama. Katika kikao cha pili ukumbi uliitangulia, kwa hoja kwamba wenye ukumbi wanataka malipo ya awali na chuo hakijapiga simu. Kikao cha tatu kilileta mapambo, keki, mpiga picha za video na mshereheshaji mwenye koti la kung'aa, ada ikawa namba tisa. Kufikia kikao cha tano nilikuwa chini kabisa ya ukurasa, kwenye mengineyo, kati ya viberiti na vijiti vya meno.

Nilipouliza, baba mdogo alinijibu kwa upole.

"Hujaondolewa, mwanangu. Umehamishwa."

Sitaki kuwaonea. Hakuna aliyeiba. Ingekuwa ni wizi ningejua pa kwenda. Kila shilingi ilikuwa na risiti, na kila risiti ilikuwa na sababu ambayo mtu mzima mwenye akili zake angeikubali. Tena na mimi nilikuwemo. Nilipoulizwa sare iwe rangi gani, nilisema zambarau na dhahabu kabla swali halijamalizika. Nilipimwa gauni lenye mkia. Jioni hiyo nilijiona kwenye kioo cha fundi, na kwa dakika kadhaa sikukumbuka kama kuna kitu kinaitwa chuo.

Mtu mmoja tu aliuliza ada ni kiasi gani. Alikuwa mwenye duka, bosi wa baba mdogo, mzee wa Kihindu ambaye familia yake imekuwa ikiuza misumari na mabati pale mjini tangu enzi za babu yake. Alipopewa kadi alisema hataki kumpa karani mchango, aletwe mtoto mwenyewe. Nilimkuta nyuma ya kaunta anapima nondo kwa macho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiyo unaenda chuo? Ada kiasi gani?"

Nilishtuka kidogo, nikamtajia. Akachukua bahasha, akaandika ADA kwa herufi kubwa, akatia laki moja.

"Mimi nyama sili, na muziki wenu siuwezi," alisema. "Hii ya shule tu. Umeelewa? Shule tu."

Nilielewa. Nikaifikisha bahasha kikaoni ikiwa imefungwa. Shangazi aliifungua, akamsifu yule mzee kwa dakika nzima, kisha akaingiza ile laki kwenye mapambo kwa sababu mpambaji alikuwa amekaa palepale nje anasubiri. "Tutairudisha," aliniambia, na nina hakika alikuwa anamaanisha. Bahasha ilikuwa bado nzuri, akaitumia kuhifadhia risiti za mapambo.

Halafu akaja ng'ombe. Babu mzaa mama anaishi Sengerema, ana ng'ombe wachache na maneno machache zaidi. Alimpakia mmoja kwenye lori, akampigia mama simu kusema ng'ombe huyo auzwe mnadani, mtoto asome. Ng'ombe alivuka daraja kwa dakika chache, bila foleni, na kufikia mchana alikuwa amefungwa kwa jirani yetu mwenye kiwanja. Nilimtazama kwa mapenzi makubwa. Alikuwa mwekundu, mnene, na kwa makisio yangu alikuwa na thamani ya pengo langu lote na kidogo juu.

Kamati ilikaa kikao cha dharura.

"Mzee ametuokoa," alisema baba mdogo. "Nyama ilikuwa inatuumiza kichwa."

Mama hakuwa na kawaida ya kusema vikaoni. Siku hiyo alisema. "Baba ameagiza auzwe."

"Shemeji, tufikirie pamoja. Ukimuuza ng'ombe, halafu ukachukua fedha ukaenda kununua nyama, umefanya nini? Umezunguka tu."

Wajumbe walicheka na kupiga makofi, kwa kweli ilikuwa imesemwa vizuri. Mama aliwaangalia mmoja mmoja. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayebadilisha mazungumzo, kama mpishi ameshapatikana.

Hakuwa amepatikana. Mama mwenyewe asingeweza kupika, hilo halikuhitaji hata kujadiliwa, maana mama mzazi hukaa meza kuu na kupigwa picha. Alichofanya ni kumpendekeza mwenzake wa Kigongo, mama aliyekuwa akiuza chapati jirani na karai lake, ambaye naye daraja lilimwacha mikono mitupu. Alikubali kupika kwa elfu saba kila sahani, sahani mia mbili, ng'ombe akitolewa na kamati. Baba mdogo alimshusha kutoka elfu nane na akafurahi sana na ushindi wake.

Siku ya sherehe mama aliondoka alfajiri akisema anakwenda kusukwa. Alirudi saa saba mchana akiwa na nywele zilezile, akaoga haraka, akavaa sare yenye mikono mirefu, tukaenda ukumbini.

Ilikuwa sherehe nzuri, siwezi kuikana. Niliingia nikicheza hatua mbili mbele, moja nyuma, mashangazi wakinipepea. Mshereheshaji aliniita daktari usiku kucha ingawa niliandikiwa mipango. Keki ilikuwa na umbo la kitabu kilichofunguliwa, tukakila kitabu ukurasa kwa ukurasa. Katika kutunzwa nilipata chupa za chai nne, mashuka, saa ya ukutani yenye picha ya maporomoko ya maji, na mabegi makubwa matatu, ya kubebea nini sijui.

Tatizo lilikuja kwenye chakula. Wali ulikuwepo wa kutosha, ndizi zilikuwepo, viazi vilikuwepo kwa wingi wa kutia wasiwasi. Nyama ilikuwa vipande viwili kwa sahani, na mhudumu alikuwa na jicho kali kwa aliyetaka cha tatu. Minong'ono ilianza meza za nyuma ikasogea mbele. Ng'ombe mzima, watu walisema. Tulimwona kwa macho yetu. Baba mdogo, pale meza kuu, alipewa vipande viwili, kimoja mfupa. Aliutazama ule mfupa kwa muda mrefu.

Mimi niliona aibu hadi masikio yakawaka. Nilimwinamia mama.

"Huyu mpishi wako ametuaibisha."

"Kula wali," alisema mama.

Jumatano shangazi alisoma mahesabu. Ahadi nyingi hazikulipwa, na mtu akishakula sherehe huwezi kumdai mchango wake, hata uende kwake na mhuri. Ziada ilikuwa elfu themanini na tatu. Nilikaa wima pale karibu na mlango. Kwa daftari langu elfu themanini na tatu ilikuwa godoro na nauli. Nilikuwa tayari kuipokea na kushukuru.

Lakini kwetu kamati haifi yenyewe. Ni lazima ivunjwe, na haivunjwi kwa midomo mikavu. Wajumbe waliamua kwa kauli moja kwamba ziada ivunjie kamati, Jumamosi, ufukweni, kwa sato wa kuchoma. Walikuwa wamejitolea wiki saba bila malipo. Hapo tena, ukiwasikiliza, huwezi kuwapinga.

Nilirudi nyumbani nikalia kwa hasira. Nilimwambia mama kila kitu nilichokuwa nimekimeza: kwamba dirisha la usajili linafungwa Jumatatu, kwamba ndugu zake marehemu baba wamekula shule yangu wakajipangusa midomo, kwamba na yeye alikaa pale vikao vyote akinywa soda, na yule mwenzake akamalizia kwa kutuibia nyama. Mama aliniacha nimalize. Kisha akatoa simu yake ndogo kwenye pindo la khanga, akabonyeza kwa kidole kimoja, akanipa.

Ulikuwa ujumbe wa malipo. Ada ya muhula wa kwanza, imepokelewa yote, kwa jina langu, juzi Jumatatu.

"Umepata wapi?"

"Mapaja yote mawili na mbavu za upande mmoja niliziuza bucha Mkuyuni, saa kumi na mbili asubuhi. Babu yako alisema ng'ombe asomeshe mtoto. Nimeweza kumuuza nusu."

Nilikaa chini.

"Na ile elfu saba ya sahani tulipika mimi na mwenzangu. Tumetoa mchele, mafuta, mkaa, tukawalipa wahudumu, nikampa na yeye chake. Kilichobaki nimejumlisha na zile zangu. Nauli ipo. Godoro lipo. Pasi hakuna."

Sikujua nicheke au niendelee kulia. Nikauliza swali la kipumbavu, la mtu aliyekwenda shule.

"Mama, sasa huo si ni wizi?"

"Sijui," alisema. "Wewe ndiye unayekwenda kusoma."

Akanichukulia simu, akairudisha kwenye pindo. Akaniambia nisimwambie mtu yeyote, wala babu, wala rafiki. Wakijua, watasema ni fedha za kamati na watataka zirudi, na aliyetoa jina lake ni mwenzake, si yeye. Yule mama alikuwa na watoto watatu na alitegemea kupata kazi nyingine za kupika baada ya hii.

Jumamosi tulikaa ufukweni kwenye viti vya plastiki, ziwa likitupulizia upepo mezani, sare za zambarau zimevaliwa tena ili zisiende bure. Sato walikuwa wakubwa. Baba mdogo alikula kwanza, akanawa, akasimama na karatasi. Alisoma mafanikio, akasoma changamoto. Changamoto ilikuwa moja, mpishi, na aliizungumzia kwa uchungu wa kweli, mfupa ukiwa bado haujamtoka rohoni. Mtu mmoja akasema yule mama alionekana mwizi tangu sura. Mwingine akasema watu wa kivukoni ndivyo walivyo. Mama alikuwa anachambua miba ya samaki wake kwa uangalifu.

Ndipo baba mdogo akanigeukia, akiwa na tabasamu. "Binti, ada ya muhula wa kwanza imelipwa?"

"Imelipwa, baba."

Makofi yakapigwa. Nilisubiri aulize imelipwa na nani. Hakuuliza. Hata mtu mmoja kati ya wale kumi na wanne hakuuliza. Katibu aliandika kwamba kamati imefanikisha ada ya mnufaika, nikapewa karatasi nitie sahihi, mhuri ukapigwa pembeni ya jina langu. Naamini hadi leo wanaamini hivyo, na kwenye kundi la simu la ukoo wananitaja kama mfano wa kinachowezekana watu wakishikamana.

Lililobaki lilikuwa azimio. Kwamba yule mpishi asipewe tena kazi yoyote na mtu wa ukoo huu, na jina lake na namba yake vitumwe kwenye makundi ya kamati zote tunazozifahamu, Mkuyuni, Butimba na mjini, ili wengine wasiumizwe. Baba mdogo aliuliza wanaounga mkono wanyooshe mikono.

Nilimtazama mama. Nilitamani aseme kitu, chochote, kwamba mama yule ana watoto, kwamba asamehewe mara moja. Nilitamani niseme mimi. Lakini risiti ya ada ilikuwa na siku tano tu. Kama mama angebaki kimya peke yake, wangemgeukia yeye aliyemleta.

Mkono wake ndio uliotangulia kupanda. Mkono wa gauni ukateleza hadi kwenye kiwiko, na kuanzia kifundo kwenda juu palikuwa na alama pana ya mafuta ya moto, bado mbichi, inang'aa kwa dawa. Aliuacha mkono juu muda wote katibu akihesabu. Hakuna aliyemuuliza ameungulia wapi.

Nami nikanyoosha wangu.